Upelelezi Ndani ya Fuvu: Majirani na Picha za Ubongo wa Mtoto

Mwezi Septemba mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, magharibi mwa Uganda, yalifunguliwa makasha yaliyoletwa kwa ndege kutoka Uholanzi. Ndani yake hamkuwa na mashine. Mlikuwa na vipande vya sumaku, nyaya, alumini na zana za kuunganishia. Watu kumi, wanne wakiwa wakufunzi na sita wakiwa hawajapata kufanya kazi ya namna hiyo, walivichambua vipande hivyo kimoja kimoja, wakavipanga katika pete 23, wakaziunganisha pete hizo kwa vipimo, wakaweka nyaya, na mwisho wakaunda kigari cha kuubebea mtambo. Baada ya siku zipatazo 11 mtambo huo ulitoa picha yake ya kwanza.

Mtambo wa Mbarara ni mdogo. Mashine ya kawaida ya aina hiyo katika hospitali kubwa huwa na sumaku yenye nguvu karibu mara 30 kuliko huo, na picha zake huwa wazi zaidi. Lakini walioiongoza kazi ile, miongoni mwao Johnes Obungoloch, mhandisi wa Uganda, pamoja na wenzake wa Leiden na Delft huko Uholanzi na wa Pennsylvania huko Marekani, hawakuwa wakitafuta mashine ya fahari. Walikuwa wakitafuta njia nafuu ya kulijibu swali moja: mtoto mchanga ambaye kichwa chake kinakua kupita kiasi, ndani ya kichwa hicho mna nini?

Ndugu wasikilizaji, swali hilo si la madaktari peke yao. Askari ni mzazi kama wazazi wengine, na mara nyingi jamaa yake huishi kambini, mbali na mji aliozaliwa na mbali na hospitali ya rufaa. Tena askari wa usalama barabarani na askari wa mpakani ndio wanaokutana kwanza na mtoto aliyegongwa na gari, au na mama aliyembeba mtoto mgonjwa usiku akitafuta njia ya kufika hospitali. Kwa hiyo yanayotendeka Uganda na Malawi katika jambo hili yanastahili kujulikana kambini na vituoni.

Kila askari anajua maana ya upelelezi. Hakuna kamanda mwenye akili timamu anayepeleka kikosi mahali asipopajua, bila kufahamu adui yuko wapi, ana nguvu kiasi gani, na njia ya kuingilia ni ipi. Fuvu la kichwa ni ngome iliyofungwa pande zote, na uti wa mgongo ni handaki refu la mifupa. Maumbile yameviweka humo ubongo na ugwe wake ili vihifadhiwe. Lakini ngome hiyo hiyo inayovilinda ndiyo inayomzuia daktari asione kilichoharibika. Mtu mzima ataeleza kichwa kinamuumaje na mguu ulianza kufa ganzi lini. Mtoto mchanga hana maneno. Atalia, atatapika, atakataa kunyonya, na dalili hizo hizo hutokea katika maradhi mengi mengine. Ndiyo sababu picha ina uzito mkubwa kwa mtoto.

Njia za kupata picha hizo ni nne, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen wa Ujerumani mwaka 1895. Miale yake hupenya nyama na kuzuiwa na mfupa. Hivyo huonyesha pingili za mgongo zilizovunjika, au zile zilizoliwa na kifua kikuu hata mgongo wa mtoto ukafanya kibyongo. Ubongo wenyewe eksirei ya kawaida haiuonyeshi.

Ya pili ni siti skani. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa mashine hiyo mjini London tarehe 1 Oktoba mwaka 1971. Aliyeiunda alikuwa Godfrey Hounsfield, Mwingereza. Na hesabu za msingi wake zilikwisha kufikiriwa kabla na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyelianza wazo hilo alipokuwa akifanya kazi Cape Town. Wawili hao walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Siti skani hupitisha miale ya eksirei kutoka pande nyingi, kisha kompyuta hukusanya habari zote na kuonyesha kichwa vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Ni mashine ya haraka. Huonyesha damu iliyomwagika ndani ya fuvu, mfupa uliopasuka na maji yaliyojaa. Ubaya wake ni kwamba miale hiyo ina madhara ikizidi, na mwili wa mtoto unaokua hudhurika upesi kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo si picha ya kupigwa kwa kila maumivu ya kichwa.

Ya tatu ni mashine ya sumaku, ijulikanayo hospitalini kwa herufi MRI. Askari wa mawasiliano ataielewa kwa urahisi, kwa kuwa inatumia sumaku na mawimbi ya redio. Mwili umejaa maji, na katika kila tone la maji mna chembe za haidrojeni zenye tabia ya sumaku ndogo. Kwa kawaida chembe hizo huelekea huku na huko, kama watu sokoni. Zikiingizwa katika sumaku kubwa, zilizo nyingi kidogo hujipanga kuufuata mwelekeo wake, mfano wa askari waliosikia amri ya kujipanga. Hapo mashine hutuma wimbi la redio na kuzipindua. Wimbi linapokoma chembe hurudi mahali pake, na zinaporudi hutoa ishara inayopokewa na kugeuzwa kuwa picha. Hakuna miale ya eksirei. Na hakuna picha ishindayo hii kwa kuonyesha ubongo na ugwe wa mgongo. Lakini kazi yake ni ya polepole, ina kelele nyingi, na mtoto hana budi kutulia kabisa. Mara nyingi hupewa dawa ya usingizi chini ya uangalizi wa mtaalamu.

Ya nne ndiyo rahisi kuliko zote: ultrasaundi, ambayo hutumia mawimbi ya sauti. Mtoto mchanga ana dirisha ambalo mtu mzima hana, nalo ni utosi. Kabla utosi haujafunga, daktari anaweza kuweka kifaa juu yake na kutazama vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo, bila miale wala dawa ya usingizi. Mashine yake ni ya bei ndogo kuliko zile nyingine, na inaweza kubebwa mkononi.

Sasa tazama namna picha hizo zilivyotumika kwa majirani.

Mbale ni mji wa mashariki mwa Uganda, chini ya Mlima Elgon, karibu na mpaka wa Kenya. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilianzishwa hospitali ya watoto ya CURE, na daktari Benjamin Warf kutoka Marekani akaanza kuwapasua watoto wenye vichwa vikubwa. Ugonjwa huo hutokea maji yanayouzunguka ubongo yanapokosa njia ya kutoka. Maji hutengenezwa kila siku. Yakizuiwa hujaa katika vyumba vya ubongo, huusukuma ubongo ukutani, na kwa kuwa mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijaungana, kichwa hupanuka. Asipotibiwa, mtoto wa namna hiyo mara nyingi hufa, au huishi akiwa kipofu na asiyejiweza.

Dawa ya zamani ni kuweka mrija unaotoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni. Mrija huokoa maisha, lakini huziba, na huweza kuingiwa na vijidudu. Mtoto aishiye jirani na hospitali kubwa hurudishwa akapasuliwa tena. Mtoto aishiye kijijini, mwendo wa siku mbili kutoka hospitali, mrija wake ukiziba anaweza kufa njiani. Kwa sababu hiyo Warf na wenzake wa Mbale, akiwamo daktari wa Uganda John Mugamba, waliiendeleza njia nyingine: kuingiza darubini nyembamba ndani ya ubongo, kutoboa tundu ili maji yapate njia mpya, na kuunguza sehemu ya tishu zinazoyatengeneza maji hayo, pasipo kuacha mrija mwilini.

Upasuaji wa namna hiyo hauwezekani kwa kubahatisha. Ni lazima picha ionyeshe kwanza vyumba vilivyojaa ni vipi, njia imezibwa wapi, na kama makovu yamevigawa vyumba hivyo vipande vipande. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa Mbale kwa watoto wachanga 100. Baadhi yao walitiwa mrija na wengine walitibiwa kwa darubini. Baada ya mwaka mmoja, ukuaji wa akili wa makundi hayo mawili haukupishana kwa kiasi cha kutiliwa maanani. Nao ukubwa wa ubongo wao ulipimwa kwa picha za siti skani. Maana yake ni kwamba mtoto wa kijijini anaweza kutibiwa bila kufungwa maisha yake yote kwenye mrija, wala asiwe amepunjwa kwa hilo.

Hata hivyo jambo kubwa zaidi lililojulikana Mbale halikuhusu tiba bali chanzo. Katika uchunguzi wa watoto 300 uliochapishwa mwaka 2005, Warf alionyesha kwamba kiasi cha 6 katika kila 10 hawakuzaliwa na ugonjwa huo. Waliupata baada ya kuambukizwa vijidudu, wengi wao katika mwezi wa kwanza wa maisha. Picha na darubini zilionyesha alama za vita vilivyokwisha kupiganwa humo: makovu, usaha uliokauka, sehemu za ubongo zilizokwisha kuliwa. Mwaka 2020 wataalamu wa Uganda na Marekani walitangaza kwamba katika maji ya ubongo ya baadhi ya watoto hao wamegundua bakteria wa jamii ya Paenibacillus, ambao hapo kabla hawakudhaniwa kuwa ni adui katika ugonjwa huo.

Habari hiyo inabomoa uwongo wa siku nyingi. Mara ngapi mama wa mtoto mwenye kichwa kikubwa amesemwa kuwa amelogwa, au amevunja mwiko, au amezaa nje ya ndoa? Mara ngapi mume ameondoka nyumbani kwa sababu hiyo, na mtoto akafichwa chumba cha ndani hata wakati wa kumponya ukapita? Picha haijui uchawi. Imeonyesha maambukizo, na maambukizo huzuiwa kwa uzazi safi, kwa kitovu kinachotunzwa vizuri, na kwa kumfikisha hospitali upesi kila mtoto mchanga apatapo homa au akataapo kunyonya.

Malawi nako kuna fundisho lake. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, mjini Blantyre, daktari Terrie Taylor na wenzake walitumia miaka mingi wakishughulikia malaria ya ubongo, ile ambayo humwangusha mtoto kwa degedege na kumpotezea fahamu. Mwaka 2004 walichapisha matokeo ya kuchunguza miili ya watoto waliofariki. Kati ya watoto 31 walioaminiwa kuwa wamekufa kwa malaria ya ubongo, 7 walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine. Vijidudu vya malaria vilikuwamo katika damu yao, lakini muuaji alikuwa mwingine. Hilo ni onyo kwa kila apendaye kutoa hukumu kabla ya upelelezi.

Likabaki swali zito zaidi: malaria ya ubongo humuuaje mtoto? Mwaka 2008 hospitali hiyo ilipata mashine ya MRI. Watoto waliofikishwa wakiwa wamepoteza fahamu wakaanza kupigwa picha za ubongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, nayo yalihusu watoto 168 waliothibitishwa kuwa na ugonjwa huo. Kati yao 25 walifariki. Na katika hao 25, watoto 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya tangu siku ya kupokelewa. Katika 143 waliopona, waliokuwa na uvimbe kama huo walikuwa 39, na picha zao za baadaye zilionyesha uvimbe ukipungua.

Tafsiri yake ni hii. Fuvu halitanuki. Ubongo ukivimba hukosa mahali pa kwenda, hushuka chini na kulibana shina lake, na katika shina hilo ndimo zinamotoka amri za kupumua. Shina likibanwa, mtoto huacha kupumua. Lakini wale waliopona walionyesha kwamba uvimbe hupita. Ndipo wataalamu walipouliza: mtoto akisaidiwa kupumua kwa mashine mpaka uvimbe upungue, je, hataokoka? Swali hilo lilihitaji kujaribiwa kwa uangalifu, na majaribio yalianzishwa hapo hapo Blantyre. Bila picha, hata swali lenyewe lisingeulizwa.

Yasemwe pia yale yasiyopendeza. Picha haimtibu mtu. Mashine isiyo na umeme, isiyo na fundi wa kuitengeneza na isiyo na mtaalamu wa kuisoma picha yake, ni sawa na kifaru kisicho na mafuta: hupendeza siku ya gwaride, na siku ya vita hakisogei. Mashine kubwa za sumaku huhitaji umeme usiokatika, na nyingi huhitaji helimu ya kuzipoza. Kifaa kimoja kikiharibika, wagonjwa husubiri mpaka kingine kitoke ng'ambo. Hapo ndipo thamani ya kazi ya Mbarara inapoonekana. Walioviunganisha vipande vile kwa mikono yao wanajua kila pete imekaa wapi na kwa nini. Vipande vilitoka nje, hilo ni kweli. Lakini ujuzi ulibaki Mbarara, na mtu hawezi kunyang'anywa ujuzi.

Kwa upande wa mgongo, maradhi ya kujulikana zaidi kwa watoto ni mgongo wazi, ambapo mtoto huzaliwa pingili zikiwa hazikufunga, pengine na uvimbe kama kifuko mgongoni. Wengi wao hupata pia maji kichwani, kwa hiyo anayeona kifuko mgongoni anapaswa kufikiria na kichwa. Wakati mwingine kasoro hujificha chini ya ngozi, na alama ya nje ni kishimo kisicho cha kawaida au kishungi cha nywele kiunoni. Picha ya ultrasaundi katika miezi ya mwanzo, au ya MRI baadaye, ndiyo itakayosema. Mfereji wa ugwe wa mgongo hufunga kabla ya siku 28 tangu mimba kutunga, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kuwa ni waja wazito. Kwa sababu hiyo vidonge vya asidi ya foliki, kiasi cha mikrogramu 400 kwa siku, hutakiwa kuanza kabla ya mimba. Ukinzani wa namna hiyo ni wa bei ndogo kuliko upasuaji wowote.

Askari afanye nini? Kwanza, nyumbani. Utepe wa fundi cherehani ni chombo cha upelelezi. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake huwa na mzingo wa sentimita 35 hivi, na katika miezi mitatu ya kwanza huongezeka kiasi cha sentimita 2 kwa mwezi. Kikikimbia kupita hapo, utosi ukituna hata mtoto akiwa ametulia, macho yakielekea chini kama jua linalotua, mtoto apelekwe kliniki bila kungoja mwisho wa mwezi.

Pili, barabarani. Mtoto aliyegongwa asinyanyuliwe kwa mkono mmoja na kutupwa nyuma ya gari. Kichwa, shingo na mgongo vishikwe katika mstari mmoja, na abebwe juu ya kitu kigumu. Askari aandike saa ya ajali, kama mtoto alizimia, na kwa muda gani. Daktari atazitumia habari hizo kuamua kama siti skani inahitajika mara moja. Tena asidanganywe na mtoto aliyezinduka na kuomba maji. Damu inaweza kuwa inakusanyika polepole kati ya mfupa na ubongo, na baada ya saa chache akalala asiamke.

Tatu, hospitalini. Askari anayemsindikiza mgonjwa asiingie chumba cha MRI na bastola, pingu, risasi, kisu wala mkanda wenye chuma. Sumaku ile huwa haizimwi mtu anapotoka. Huvuta chuma kwa nguvu kama ya kombeo, na anayelala katikati yake ni mtoto. Katika chumba hicho amri ya fundi wa mashine ndiyo amri, na cheo cha mtu hubaki nje pamoja na silaha yake.

Nne, mpakani na kwenye vizuizi. Maradhi hayatambui mipaka, na mara nyingine hospitali iliyo karibu iko upande wa pili. Ukaguzi ni kazi halali na lazima ufanyike. Lakini mama mwenye mtoto aliyepoteza fahamu akaguliwe kwanza, wala asiwekwe foleni nyuma ya malori. Katika malaria ya ubongo, saa moja iliyopotea kizuizini hairudishwi na mashine yoyote.

Umaskini, ujinga na maradhi ni maadui walionenwa tangu siku za uhuru, na hawajatoweka. Majirani wa Mbale, Blantyre na Mbarara wameonyesha namna adui mmojawapo anavyoweza kufuatwa hadi ndani ya ngome aliyojifichamo. Lakini daktari aliye na picha nzuri bado humngoja mtoto afike. Mwendo wa kutoka nyumbani mpaka mlango wa hospitali haumo katika picha; nao umo mikononi mwa wazazi, mwa madereva, na mwa askari aliye zamu usiku.